Riwaya ya mapenzi ipimwe kuanzia ukurasa wa 240

Mhariri,

Anayetaka kujua kama riwaya ya mapenzi aliyoishika ina uzito asihangaike na ukurasa wa kwanza. Siku hizi ukurasa wa kwanza huandikwa vizuri na karibu kila mtu, maana ndio unaotangulizwa mtandaoni kuuza kitabu. Aende robo tatu. Kitabu kikiwa na kurasa 320, afungue wa 240 na asome mpaka wa 260. Hapo wapenzi watakuwa wanaachana, au wameshaachana jana yake. Ajiulize swali moja tu: wameachanishwa na nini?

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu riwaya hizi, magazetini na hata katika vyumba vya walimu, huishia kwenye maadili: zinaharibu wasichana, haziharibu wasichana. Ufundi wake haujadiliwi. Seremala akituletea meza inayoyumba tunainama kuangalia miguu, riwaya ikiyumba tunasema, "Aa, hizo za mapenzi ndivyo zilivyo." Sivyo zilivyo. Zipo zilizoundwa kwa ustadi na zipo zilizogongwagongwa misumari usiku mmoja, na tofauti inaonekana kwa macho.

Riwaya ya mapenzi ya kisasa ina mifupa inayojulikana. Wahusika wakuu wawili hukutana mapema, kabla ya sehemu ya kumi ya kitabu kuisha. Katika kile cha kurasa 320, kabla ya ukurasa wa 32. Katikati hutokea jambo wasiloweza kulirudisha nyuma: busu, siri iliyotoka, usiku mmoja. Robo tatu, mtengano. Kisha hufuata kurasa hamsini sitini za kutafutana na kupatana, na mara nyingi sura fupi ya mwisho inayowaonyesha mwaka mmoja baadaye. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoanzishwa 1980, huitambua riwaya ya aina hii kwa mambo mawili: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini, na mwisho uuridhishe moyo na uwe wa matumaini. Mills & Boon, iliyoanza London mwaka 1908 na kununuliwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971, imejenga biashara nzima juu ya ahadi hiyo, kwa vitabu vyembamba vya maneno kama 50,000 ambavyo hata leo havikosi kwenye marundo ya vitabu vya mitumba Nakuru na Kisumu. Vinavyotamba sasa ni vinene zaidi, maneno 80,000 mpaka 100,000, lakini mifupa ni ileile.

Wapo wanaoucheka mwisho wa furaha. Msomaji wa riwaya ya upelelezi naye anajua kwamba muuaji atakamatwa, na hakuna anayemcheka. Wote wawili wamelipia njia. Na katika riwaya ya mapenzi, njia ni kikwazo. Kikwazo kikiwa chepesi, kurasa mia mbili za mwanzo huwa ni mbio za mtu anayekimbia mahali pasipo na mlima.

Kasoro kubwa ya riwaya za miaka hii ya karibuni iko hapo. Jaribio lake ni la simu moja: je, wawili hawa wangepigiana simu ya dakika mbili, kitabu kingeisha? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi hakuna kikwazo, kuna watu wawili waliokataa kuzungumza ili mwandishi apate mahali pa kuweka machozi. Msichana amemwona mpenziwe akikumbatiana na mwanamke mgeni mlangoni pa hoteli. Haulizi. Anapanda ndege, anabadilisha nambari, analia kurasa arubaini, kisha anaambiwa yule alikuwa dada mtu. Msomaji wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, hawezi kuvumilia hilo. Hapa hata asiye na salio ana Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio wa Safaricom, na aliyezuiwa namba yake hutumia ya jirani. Ukitaka simu isipigwe, nipe sababu ya simu kutopigwa.

Mtindo huu haukuzuka bure. Tangu Julai 2015 Amazon huwalipa waandishi walio katika mpango wake wa kusoma kwa ada ya mwezi, Kindle Unlimited, kwa idadi ya kurasa zilizosomwa. Kurasa zikiwa ndizo pesa, kisa cha kurasa 220 hunyooshwa mpaka 400, na kitu rahisi zaidi cha kunyoosha ni kutoelewana: hakihitaji utafiti, hakihitaji mhusika mpya, kinaweza kurudiwa mara tatu. Mwandishi anayelazimika kutoa vitabu vitatu au vinne kwa mwaka asije akasahaulika hukimbilia hapo. Vitabu hivyohivyo huchapwa baadaye kwa karatasi, hupambwa, na kutufikia vikiwa na sifa za mitandao.

Jambo la pili ni kuuza kwa lebo. Riwaya siku hizi hutangazwa kama menyu: maadui wanaopendana, uchumba wa kuigiza, kitanda kimoja, mnuno na mcheshi, wa zamani aliyerudi, ndoa ya mkataba. Sina ugomvi na lebo zenyewe. Hata ngano zetu zina mama wa kambo na sungura mjanja, na kila mtu hujua sungura atafanya nini. Ila lebo hazilingani nguvu. Uchumba wa kuigiza una kikwazo ndani yake tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kila neno tamu linaweza kuwa uongo uliokubaliwa, na simu moja haimalizi chochote. Kwa hiyo hata mwandishi wa wastani huweza kuufikisha ufukweni. Maadui wanaopendana ni lebo ngumu zaidi: uadui lazima uwe na sababu ambayo mtu mwenye akili angeweza kuishikilia, na wengi huweka ufidhuli mahali pa uadui. Mwanamume anamtukana mwanamke kwa kurasa themanini, kisha tunaambiwa alikuwa anampenda. Huyo si adui, ni mtu asiye na adabu, na busu la ukurasa wa 160 halimtibu.

Kitanda kimoja ndicho dhaifu kuliko vyote, maana husimama juu ya sadfa: hoteli imejaa, kimebaki chumba kimoja. Lakini sadfa ikipewa tarehe na mahali hugeuka kuwa sababu. Mei 2022 Kisumu ilipokaribisha Africities, mkutano wa miji ya Afrika, chumba kilikuwa cha kutafutwa kwa tochi. Mwandishi akiwatia wahusika wake mjini wiki hiyo, hakuna msomaji atakayeuliza kwa nini hoteli zimejaa. Au awapakie kwenye treni ya usiku ya Nairobi kwenda Kisumu, ile ya reli ya zamani iliyorejea Desemba 2021, inayopita Nakuru watu wakisinzia na kuwafikisha ziwani asubuhi. Mwendo wa muda wa saa kumi na mbili hivi, viti vinavyotazamana, hakuna pa kwenda. Anayetoka Nakuru kwa gari, kilomita 180 na ushei kupitia Kericho, anafika mchana uleule na hana muda wa kupenda.

Hapo ndipo ninapofikia lalama yangu kwa waandishi wetu wenyewe. Riwaya za mapenzi zinazoandikwa nchini Kenya, za Kiingereza na hata za Kiswahili, zimeanza kuagiza vikwazo kutoka ng'ambo kama tunavyoagiza mitumba. Bilionea kijana, jengo la ghorofa hamsini, mkataba wa siri, pete ndani ya glasi. Kumbe eneo hili la magharibi na la Bonde la Ufa limejaa vikwazo ambavyo simu elfu haziwezi kuvimaliza.

Chukua ukoo. Kwa Waluo, wa ukoo mmoja hawaoani. Kwa Waluhya, mtu haoi wala haolewi katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake. Vijana wawili waliokutana chuoni Maseno au Njoro, majina yao ya Kikristo yakiwa ya Kikristo tu, wanaweza kupendana miezi sita kabla ya shangazi kuuliza, "Mama yake mzazi ni wa wapi?" Mtengano wa namna hiyo hauna mwovu. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosea, na kila mmoja mezani anasema kweli. Mwandishi atalazimika kuchagua: nasaba ichunguzwe na ikutwe ilikosewa, ambayo ni njia ya mkato na msomaji ataisikia harufu, au wapenzi waamue kulipa bei ya kuivunja mila, au waachane, na hapo atakuwa ameandika kitabu kizuri ambacho si cha mapenzi kwa maana ya soko. Kurasa ishirini za kikao hicho, chai ikipoa kwenye vikombe na mjomba akikohoa kabla ya kila sentensi, zinashinda pete kumi za kwenye glasi.

Au chukua zamu ya ndugu. Katika boma la Kiluo lenye kufuata desturi, mdogo hamtangulii mkubwa kuoa, wala kujenga. Kaka mkubwa akiwa yuko mjini hataki kuoa, mdogo mwenye mchumba aliyechoka kusubiri ana kikwazo chenye miguu, kinachokula, kinachopiga simu Jumapili kusalimia. Kuna ayie inayopelekwa kwa mama wa binti kama ishara ya kukubaliwa, na kiasi chake huweza kuzua mazungumzo ya miaka. Ninayoyataja hapa si ya kitabu cha mila kilichofungwa. Watu wanayajadili kwenye vikundi vya WhatsApp vya kuchanga mahari leo asubuhi.

Sheria nayo ina vikwazo vya bure ambavyo hakuna anayeviokota. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka anayefunga ndoa ya kiserikali atoe ilani ya siku zisizopungua 21 kabla, isipokuwa kwa leseni maalumu. Bado tunaletewa wahusika wanaogombana Jumatatu, wanapatana Jumanne na kutoka kwa msajili Jumatano wakiwa mke na mume. Zile siku 21 ni zawadi: jina lako limetangazwa, yeyote mwenye pingamizi anaweza kujitokeza, na wa zamani wako anajua kusoma. Sheria hiyohiyo inasema ahadi ya kuoana hailazimishi ndoa, lakini aliyepata hasara kwa sababu mwenzake ameikataa ahadi anaweza kudai fidia. Hebu mtu atuandikie uchumba wa kuigiza wa Nakuru, ambapo mmoja ameacha kazi Eldoret na kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita akidhani maigizo yameisha na kweli imeanza.

Kazi pia. Msomaji wa Ulaya hupokea waridi tarehe 14 Februari bila kujua kwamba huenda lilikatwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Wiki zinazotangulia siku hiyo ndizo nzito kuliko zote kwa wakataji na wafungaji: saa za ziada, maua kuingizwa haraka kwenye chumba cha baridi, mashina kupangwa kwa urefu na kufungwa kwa idadi. Wapenzi wawili wa huko, mmoja kwenye nyumba ya kukuzia na mwingine kwenye ufungaji, Februari ya watu ndiyo wasiyoonana. Na kule ufukweni mwa Ziwa Victoria, omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri zaidi kukiwa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Ushairi wetu umeimba mwezi miaka mingi. Mvuvi wa Dunga akimwambia mpenziwe "tutaonana mwezi ukijaa" anasema ratiba ya kazi. Sijui ni riwaya ngapi za mahaba zinasubiri ndani ya sentensi hiyo. Aongeze mwandishi miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, apate pia msimu wa njaa ya mfukoni.

Nikiwa bado ufukweni, niseme jambo lenye uchungu. Riwaya nyingi zinazouzwa sana hujengwa juu ya tajiri na mfanyakazi wake: bosi, na msichana ambaye mshahara wake uko mkononi mwa bosi. Kwa mwandishi wa ng'ambo pengine hiyo ni ndoto ya kitambaa cha hariri. Huku kwetu tuna neno jaboya, na kila mtu wa ziwani analijua: mvuvi anayempa mwanamke samaki kwa sharti la mwili. Anayeuza samaki hawezi kukataa bila kulala njaa. Mwandishi anayetaka bosi na mfanyakazi wapendane basi afanye kazi ya ziada: amwezeshe mwanamke kukataa kabla ya kumwezesha kukubali. Apate kazi nyingine, apate mashua yake, apate akiba. Ukaguzi wake ni rahisi. Tafuta ukurasa ambapo mwanamke alisema hapana na hakupoteza kitu. Usipoupata, lile "ndiyo" la baadaye halina maana.

Vivyo hivyo na afya. Nyanza ni eneo ambalo maambukizi ya virusi vya ukimwi yamekuwa juu kuliko sehemu nyingi za nchi, na bado wahusika wa riwaya zetu huvua nguo kama watu walioshuka jana kutoka sayari nyingine. Hakuna anayeuliza, hakuna anayepimwa. Si lazima riwaya iwe bango la kliniki. Lakini wawili walioamua kwenda kupimwa pamoja, wakikaa kwenye benchi la mbao wakisubiri kuitwa, wako karibu zaidi kuliko wakiwa kitandani. Dawa za kinga za PrEP zinatolewa nchini tangu 2017. Mwenye virusi anayemeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mapenzi ya wawili ambao mmoja ana virusi na mwingine hana yana mwisho wa furaha unaowezekana kabisa, na kikwazo chake ni ile dakika ya kusema.

Sasa lugha, kwa kuwa riwaya ya mapenzi ya Kiswahili ina mtego ambao Kiingereza hakina. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika kiambishi. A- ni yeyote, -m- ni yeyote. Watu wawili wakikaribiana, sentensi hupotea njia. Soma hii:

"Alimtazama, akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia asiende."

Nani alimshika nani? Nani anaondoka? Mwandishi anajua, msomaji anakisia. Katika Kiingereza mambo haya hutengwa na viwakilishi viwili, kwa hiyo anayefikiri kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili hutumbukia hapo kila ukurasa. Wengine hukimbilia kurudia majina mpaka mandhari ya mahaba inasomeka kama kumbukumbu za mkutano wa chama. Dawa imo ndani ya lugha yenyewe:

"Achieng alimtazama Wafula. Wakasogeleana. Kabla hajauficha, mkono wa Achieng ukashikwa. 'Usiende,' Wafula akasema."

Jina limetajwa mara mbili kwa kila mmoja. Kauli ya kutendana, wakasogeleana, imebeba mwendo wa wote wawili kwa pamoja. Kauli ya kutendwa, ukashikwa, imeuweka mkono mbele na mshikaji nyuma, na mshtuko wa kushikwa umekuja na neno lenyewe. Katika mandhari ya mapenzi, kitu cha mwili kikifanywa kiima, mkono, shingo, pumzi, kiambishi hubadilika na utata hukatika. Mwenye kutaka, autumie utata huo kwa makusudi: riwaya nzima inaweza kuficha jinsia ya anayependwa mpaka sura ya tisa bila hila yoyote. Lugha imempa ruhusa.

Kuna pia ugonjwa wa -na-. Riwaya za Kiingereza za sasa husimuliwa mara nyingi na "mimi" wa wakati uliopo, sura moja mwanamke, sura ya pili mwanamume. Wafasiri na waigaji wetu wameuleta mtindo mzimamzima: "Ninafungua mlango. Ninamwona. Moyo unanienda mbio. Ninashindwa kusema." Baada ya kurasa tano masikio yamechoka, kwa sababu kila tendo limesimama peke yake kama nguzo za simu. Kiswahili kina -ka- ya kusukuma kisa na -ki- ya kukiweka jambo mbele ya macho likiendelea. "Nilimwona akishuka kwenye matatu" ina mtazamo mrefu ambao "ninamwona, anashuka" haina. Jicho limebaki mlangoni pa gari mpaka mguu wa pili umegusa ardhi. Na kwa zile sura za kupokezana, ficha jina lililo juu ya sura, soma aya moja. Kama huwezi kujua anayezungumza ni fundi wa bodaboda au ni mhasibu, basi mwandishi amebadilisha majina tu.

Dokezo dogo kuhusu posa. Kiswahili humpa mwanamume kuoa na mwanamke kuolewa, kwa hiyo mhusika wa kike anayetaka kuanzisha yeye hujikuta akisema "nioe", ambalo ni ombi la kufanyiwa. "Tuoane" lipo, na ni tamu, lakini ni nadra kulikuta likitamkwa na mwanamke kwenye ukurasa.

Kuhusu jalada nitakuwa mfupi ingawa wazazi wamekasirika kwa haki. Tangu miaka ya mwisho ya muongo uliopita, riwaya nyingi za mapenzi zimevaa majalada ya michoro: rangi za peremende, vijikatuni viwili vimegeuziana mgongo. Mzazi humnunulia binti wa Kidato cha Kwanza akidhani ni hadithi ya watoto, kumbe sura ya 19 inaeleza kila kitu bila shuka. Mashabiki mtandaoni wana desturi nzuri ya kuhesabu ukali kwa pilipili, moja mpaka tano. Pilipili moja ni busu na mlango unafungwa. Tatu, mlango uko wazi. Tano, usisomee kwenye matatu. Wauza vitabu wetu waige, kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada kama hakuna njia nyingine. Asiye na pa kuuliza atazame ukurasa wa maonyo ambao waandishi wengi huuweka kabla ya sura ya kwanza, na asipoupata, afungue katikati ya kitabu na theluthi ya pili. Pilipili nyingi humwagwa hapo. Na kuhusu zile za wanafunzi wa miaka 16 na 17 wa ng'ambo, ikumbukwe kwamba kisheria hapa, chini ya 18 ni mtoto.

Nakala za wizi zinazouzwa kando ya barabara zina dhambi moja ya pekee kwa aina hii ya kitabu. Huchapwa kutoka faili lililochukuliwa mtandaoni, karatasi nyepesi ambayo maandishi ya nyuma yanaonekana, picha ya jalada imefifia kingoni, gundi ya mgongo inapasuka ikikaa juani juma moja. Mara nyingine kurasa 16 zimejirudia na 16 zimepotea. Katika riwaya ya upelelezi utakosa ushahidi. Katika hii, unaweza kuachwa na wapenzi waliotengana milele kwa sababu sura ya mwisho ilibaki kwa mchapaji. Kabla ya kulipa, tazama nambari za kurasa za mwisho kumi. Na serikali, inayotoza VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu tangu sheria ya 2013, isijifanye haijui kwa nini mnunuzi anaenda kwa yule wa kando ya barabara.

Simulizi za kulipia kwa simu, zile za "sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, zilizobaki tuma pesa", nazo zinastahili mhakiki wake. Zina Kiswahili hai kuliko vitabu vingi vya madukani, na waandishi wake wanajua kukatisha sehemu pale msomaji anapouma kidole. Ila muundo unawasaliti: kila maneno elfu moja lazima yaishe kwa kishindo, kwa hiyo vishindo hupandishwa bei, ajali, mimba, pacha aliyepotea, mpaka sehemu ya 60 hakuna tena anayekumbuka kwa nini wawili hao walipendana. Dawa ni kuandika robo ya nne kwanza, kabla ya kutuma sehemu ya kwanza.

Si kwamba kazi nzuri haijafanywa barani. Ankara Press ya Nigeria ilitoa mwaka 2015 mkusanyiko wa hadithi fupi za mapenzi kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, kwa Kiingereza pamoja na tafsiri, nyingi zikiwa za lugha za Kiafrika, na Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, akiwa miongoni mwa waandishi. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imefungulia riwaya za Kiswahili mlango wa pesa na uchapishaji. Mswada wa mapenzi uliokazwa vizuri hauna sababu ya kuogopa kuingia humo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni nafasi ya maneno 150 kila wiki ya kuhakiki riwaya moja ya mapenzi, ya Kiswahili ikipatikana. Mhakiki asitusimulie kisa chote. Atuambie idadi ya kurasa, bei, pilipili ngapi, nani anasimulia na kwa wakati gani, na wapenzi wameachanishwa na nini kwenye robo tatu. Akiandika "hawakuelewana", aongeze kama simu ilikuwa na chaji.

Msomaji,
Kisumu